Mambo ya Kuzingatia Unapolipia Huduma ya Kuhifadhi Tovuti ya Biashara Ndogo
Mfanyabiashara mdogo anayefungua tovuti hulipia vitu viwili: jina la kikoa, kwa mfano lenye .co.tz, na nafasi kwenye seva. Hakikisha kikoa kinasajiliwa kwa jina la biashara yako, si la fundi aliyetengeneza tovuti. Mkikosana, anwani uliyoichapisha kwenye mabango na risiti huondoka naye. Kwa kurasa chache zenye picha, seva ya pamoja hutosha. Kabla ya kulipa, uliza bei ya mwaka wa pili, kwani punguzo mara nyingi huishia wa kwanza, na nakala rudufu huchukuliwa kila baada ya siku ngapi. Tovuti inayokusanya taarifa za wateja inahusika na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hata seva ikiwa nje ya Tanzania.