Mwenzako Akizidiwa na Pombe Usimwache Peke Yake: Usalama Katika Sherehe za Wanafunzi wa Vyuo Mbeya na Iringa

Sherehe za kuwakaribisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kumaliza mitihani na mahafali ni sehemu ya maisha ya vyuo vikuu. Katika Jiji la Mbeya vipo, miongoni mwa vingine, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST), Chuo Kikuu Katoliki Mbeya na Kampasi ya Mbeya ya Chuo Kikuu Mzumbe. Katika Manispaa ya Iringa kipo Chuo Kikuu cha Iringa, Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha (RUCU) na Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa (MUCE). Wanafunzi wengi wa vyuo hivi hupanga vyumba mitaani, mbali na walinzi na washauri wa wanafunzi.

Madhara makubwa ya sherehe mara nyingi hayatokei ukumbini mbele ya watu. Hutokea baadaye, njiani au chumbani, pale aliyezidiwa anapoachwa peke yake. Kwa sababu hiyo, mtu wa kwanza kuokoa maisha huwa ni mwenzake aliye karibu.

Kabla ya kuondoka

Wanafunzi wanashauriwa kwenda kwa kikundi, kukubaliana saa ya kurudi na kumteua mmoja ambaye hatakunywa pombe. Kila mmoja abebe kitambulisho, kadi ya bima ya afya na simu yenye chaji. Waandaaji wahakikishe milango yote ya kutokea haijafungwa kwa kufuli, idadi ya watu haizidi uwezo wa ukumbi, na maji ya kunywa yanapatikana. Wenye kumbi na baa wakumbuke kuwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia pombe mtu aliye chini ya umri wa miaka 18, hata kama ni mwanafunzi wa chuo.

Kinywaji

Mwili huhitaji takribani saa moja kuondoa kiasi cha pombe kilichomo katika chupa moja ndogo ya bia. Kahawa, maziwa, kuoga maji ya baridi au kutembezwa havipunguzi ulevi. Ulanzi, unaogemwa kutoka kwenye mianzi na kupendwa sana Iringa, huendelea kuchacha baada ya kugemwa. Hivyo uliolala huwa mkali kuliko ule wa siku hiyo.

Gongo huweza kuwa na methanoli, sumu inayopofusha na kuua. Dalili zake, yaani macho kuona ukungu, maumivu ya tumbo, kutapika na kuhema kwa kasi, huweza kujitokeza saa nyingi baadaye, hata siku inayofuata. Mwenye dalili hizo apelekwe hospitali bila kusubiri. Aidha, pombe iliyofungashwa kwenye mifuko ya plastiki, maarufu kama viroba, ilipigwa marufuku nchini kuanzia Machi 1, 2017. Kinywaji kilichoachwa mezani bila mwangalizi kisinywewe tena.

Dalili za hatari

Msemo wa "mwache alale, pombe itaisha" umegharimu maisha. Kiwango cha pombe katika damu huweza kuendelea kupanda hata baada ya mtu kuacha kunywa. Apelekwe hospitali mara moja iwapo:

• haamki hata akiitwa na kutikiswa;
• anapumua chini ya mara 8 kwa dakika, au hukaa sekunde 10 na zaidi bila kuvuta pumzi;
• ngozi ni ya baridi, au midomo imebadilika kuwa ya bluu au kijivu;
• anapata degedege, au anatapika akiwa hana fahamu.

Wakati usafiri unatafutwa, alazwe ubavu, goti la juu likunjwe na kichwa kiinamishwe nyuma kidogo ili matapishi yatoke nje na yasizibe pumzi. Asilazwe chali, asilazimishwe kutapika wala kunyweshwa kitu chochote. Mtu mmoja abaki naye muda wote akiangalia anavyopumua.

Baridi na jiko la mkaa

Usiku wa Nyanda za Juu Kusini ni wa baridi, hususan kati ya Juni na Agosti. Pombe hutanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi. Mnywaji huhisi joto ilhali mwili wake unapoteza joto. Aliyelala nje ya nyumba au kando ya barabara aingizwe ndani, avuliwe nguo zilizolowa na afunikwe blanketi.

Hata hivyo, jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kwa ajili ya joto. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu ya kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua waliolala katika chumba kilichofungwa. Mlevi haamki kirahisi anapoishiwa hewa.

Safari ya kurudi

Barabara Kuu ya Tanzania na Zambia hupita katika mikoa yote miwili na hubeba malori usiku kucha. Mlima wa kutoka Ipogolo kwenda Iringa mjini na miteremko ya Jiji la Mbeya inahitaji dereva mwenye akili timamu. Sheria ya Usalama Barabarani inamkataza kuendesha mtu mwenye zaidi ya miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu, na sheria hiyo inamhusu dereva wa bodaboda pia. Abiria akatae kupanda bodaboda ya dereva aliyelewa, na asikubali kubebana mishikaki.

Ukatili wa kijinsia

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, haihesabu kuwa ni ridhaa pale mwanamke alipoleweshwa na mwanamume huyo au na mtu mwingine. Adhabu ya ubakaji kwa mtu mzima ni kifungo kisichopungua miaka 30, na huweza kufikia maisha. Aliyetendewa afike hospitali mapema, kabla ya kuoga wala kufua nguo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72. Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi hupokea malalamiko na kutoa fomu ya PF3.

Msaada kwanza

Wengi huchelewa kuomba msaada wakihofia adhabu ya chuo au hasira za wazazi. Viongozi wa serikali za wanafunzi, wenye nyumba na wazazi waseme wazi kuwa anayempeleka mwenzake hospitali ametenda jema. Maswali yanaweza kusubiri asubuhi. Pumzi ya mtu haisubiri.

Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa hupokea wagonjwa wa dharura saa 24. Namba za kuhifadhi katika simu ni 112 kwa Polisi, 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na 199 kwa huduma za taarifa za Wizara ya Afya.