Nani kasema walimu tumejaa?

Haya wadau, nimepotea kidogo, msinilaumu. Testi zimefuatana, bumu limechelewa, na chumbani kwetu mchele umeisha tangu Jumanne. Ila tupo.

Juzi anko kanipigia kutoka nyumbani. Baada ya shikamoo na marahaba akaja na swali lake lile lile: "Hivi anko, huo ualimu wenu wa historia na Kiswahili, si wanasema mmejaa?" Nikajibu Mungu atasaidia, tukaagana. Lakini usiku sikulala vizuri. Nani anajua kama tumejaa? Kahesabu vipi? Bahati nzuri wiki hiyo hiyo nilikuwa na insha ya historia kuhusu jinsi nchi yetu ilivyopanga wataalamu wake baada ya uhuru. Nawapa kwa kifupi, maana jibu la anko naona limo humo.

Mwaka 1961 tulikuwa hatuna watu, jamani. Mwalimu Nyerere alikuwa akikumbusha kwamba tulianza na madaktari 12 na wahandisi 2 tu wazalendo. Kwa hiyo serikali ikaamua kuhesabu. Mmarekani George Tobias alifanya uchunguzi wa mahitaji ya wataalamu wa 1962 hadi 1967, ripoti ikatoka 1963. Wa pili ukatoka 1965, wa Robert Thomas. Njia yenyewe ilikuwa rahisi: waajiri waliulizwa wana nafasi ngapi, nani kazikalia, na mbele watahitaji wangapi. Kazi zikagawanywa makundi: A ni zile za digrii, B ni za mafunzo ya mwaka mmoja hadi mitatu baada ya kidato cha nne, C ni za waliomaliza sekondari.

Kutoka hapo kila kitu kikafuata namba. Mpango wa miaka mitano wa 1964 hadi 1969 ukaweka lengo kwamba ifikapo 1980 nchi ijitosheleze kwa wataalamu wa ngazi hizo. Pesa zikaelekezwa sekondari na chuo kikuu, shule za msingi zikaambiwa zisubiri. Ukipewa udhamini wa chuo, unaahidi kuitumikia serikali miaka 5. Kwa mwanafunzi wa leo anayezunguka na bahasha ya vyeti hiyo ni ndoto tupu: unasoma huku kiti chako kinakusubiri!

Sasa shida iko wapi? Ya kwanza, walihesabu viti vya ofisini na viwandani. Mkulima hana mwajiri wa kuulizwa, hivyo hakuwemo kwenye hesabu, na wakulima ndio walikuwa wengi kuliko wote. Mwaka 1967, kwenye Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu alisema wazi kwamba ni kama asilimia 13 tu ya watoto wa shule za msingi watakaopata nafasi ya sekondari. Hao wengine hakuna ripoti iliyowapangia chochote.

Ya pili, waliohesabiwa walianza kujiona dhahabu. Oktoba 1966 wanafunzi wa hapa Dar waliandamana kupinga Jeshi la Kujenga Taifa, ambalo lingewakata mshahara hadi asilimia 40 kwa miezi 18. Karibu 400 walirudishwa makwao. Tukisimuliana bwenini huwa tunawacheka au tunawasifu, lakini fikiria: ukimwambia kijana kila siku kwamba taifa haliwezi kwenda bila yeye, utashangaa vipi akidai bei yake?

Ya tatu ndiyo inayonigusa zaidi: viti vyenyewe huhama. Chukua Tanga. Mashamba ya mkonge ndiyo yalikuwa mwajiri mkubwa, ila bei ya mkonge ilianguka katikati ya miaka ya 60 na maelfu wakakosa kazi. Chukua Morogoro, ambako kilijengwa kiwanda cha viatu kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kitengeneze mamilioni ya viatu na vingi viuzwe Ulaya. Hakikufikia hata sehemu ya kumi ya uwezo wake. Ungewafundisha mafundi wa mkoa mzima kwa kufuata makaratasi ya kiwanda kile, ungewapeleka wapi?

Na sisi walimu je? Ilipokuja elimu ya msingi kwa wote mwaka 1977, walimu hawakutosha, wakachukuliwa vijana wa darasa la saba wakafundishwa kazini. Miaka ya 2000 shule za kata zikafumuka, wakaletwa wa kidato cha sita waliopikwa kwa wiki chache, mtaani wakaitwa "voda fasta". Halafu kufika 2016 serikali ikahesabu, ikakuta walimu wa sanaa wa sekondari wamezidi, na wengine wakahamishiwa shule za msingi. Yaani ndani ya miaka kama kumi tumetoka kwenye njaa hadi kuvimbiwa. Na wakati huo huo sayansi na hisabati bado hakuna watu.

Mimi sisemi tusihesabu. Bila kuhesabu ndiyo mbaya zaidi. Ninachosema ni kwamba hesabu ya kazi ni picha, na picha huzeeka. Uchunguzi wa nguvukazi ulifanyika 2006, ukaja 2014, halafu 2020/21. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza ule wa 2006 alishamaliza la saba kabla ya uliofuata. Tena namba ya taifa inaficha wilaya. Kwenye mazoezi ya kufundisha nilipelekwa shule ya kijijini, mwalimu wa historia alikuwa mmoja kwa vidato vyote vinne, na Kiswahili akishika yeye yeye. Pale hatujajaa, anko. Pale hatupo kabisa.

Kwa hiyo nimempigia tena, nikamwambia hivi: tumejaa kwenye karatasi ya taifa, tumepungua kwenye kijiji. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Sasa kijiji ndicho kitakulipa?" Hapo akanimaliza, sikuwa na jibu.

Wadau, kwenu walimu wa sanaa wapo wangapi kwa shule? Tuhesabu wenyewe basi. Naenda kubukua, kesho nina testi saa mbili.