Kigali: Mteremko ndio huwaumiza wakimbiaji wa ridhaa
Mbio za Kimataifa za Amani za Kigali zilianzishwa mwaka 2005, miaka 11 baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Mabingwa na wakimbiaji wa ridhaa hutumia barabara zilezile, iwe katika marathoni ya kilomita 42.195 au katika nusu yake.

Jiji hilo limejengwa juu ya vilima, takribani mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na mgeni kutoka Mombasa au Dar es Salaam huanza kuhema mapema. Wengi huogopa kupanda, wakasahau kushuka. Kumbe mapaja huumia zaidi kwenye mteremko, kwa kuwa misuli hunyooka huku ikizuia uzito wa mwili. Maumivu yenyewe huzidi siku ya pili. Kinga ni kuuzoesha mwili miteremko taratibu, kwa hatua fupi, wiki nyingi kabla ya mashindano.

Pa kufanyia mazoezi hapakosekani. Tangu mwaka 2016, Kigali hufunga baadhi ya barabara zake kwa magari katika Jumapili maalumu asubuhi, na watu hukimbia juu ya lami bila kuhofia pikipiki. Anayejiandaa kwa marathoni hana budi kuzitumia asubuhi hizo kwa mbio yake ndefu ya wiki, kwa mwendo unaomruhusu kuzungumza na mwenzake.