Nchi yenye vijana wengi: faida na changamoto zake

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini Tanzania. Katika kila watu 100, takriban 43 walikuwa na umri wa chini ya miaka 15. Hali hii ina maana gani kwako na familia yako?

Faida ni zipi?

Vijana wakiingia kazini, wazalishaji na walipa kodi huongezeka. Wazee wakiwa wachache, gharama za pensheni na za kutibu magonjwa ya uzeeni huwa ndogo.

Changamoto ni zipi?

Mtoto hula, huugua na husoma miaka mingi kabla ya kujitegemea. Kila mwaka zinahitajika chanjo, wakunga, madarasa na ajira zaidi. Pia, takriban msichana 1 kati ya 5 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 ameshazaa au ni mjamzito. Mimba za umri huo huongeza hatari ya kifafa cha mimba, na wengi hukatiza masomo.

Unaweza kufanya nini?

Wingi wa vijana peke yake si utajiri. Huwa faida pale kila mtoto anapokuwa na afya, elimu na kazi. Kwa hiyo:

- Panga na mwenza wako idadi ya watoto na nafasi kati yao. Huduma za uzazi wa mpango hutolewa bure katika vituo vya afya vya serikali.
- Kamilisha chanjo zote za mtoto.
- Zungumza mapema na kijana wako, wa kike na wa kiume, kuhusu afya ya uzazi.