Taa za gari zikicheza usiku: namna ya kutafuta shida nyumbani

Kwenye kona za Ngomo, kati ya Bukavu na Kamanyola, taa zikizimika hata sekunde moja, gari inaweza kwenda bondeni. Mashimo ya barabara yanalegeza waya, basi dereva aanzie hapo.

Taa moja inacheza: zima moteri, kaza soketi nyuma ya ampuli, kisha angalia waya wa masi unaofungwa kwenye chuma cha gari. Kutu ikiwepo, isugue na msasa.

Zote mbili zinacheza: toa waya za batri, ukianza na ya minasi, safisha vichwa, rudisha, kaza. Moteri ikizunguka, pima batri: volti 13,5 mpaka 14,5 ni sawa. Chini ya hapo, mkanda wa alternateri umelegea ao alternateri yenyewe imechoka.

Fuzi ikiungua kila mara, usiweke kubwa zaidi wala kipande cha waya: gari inaweza kuwaka moto. Peleka kwa fundi wa umeme.