Nyani Wawili wa Adili na Hasira za Mlimani

Mwaka 1962 unakumbukwa Kasese kwa jambo moja, na katika idara zetu za Kiswahili kwa jambo jingine. Mwaka huo wajumbe wa Wakonzo na Waamba walitoka katika baraza la Toro, na Isaya Mukirania na wenzake wakatangaza utawala wao wa Rwenzururu huko mlimani. Mwaka huohuo Shaaban Robert alifariki dunia. Hakuna uhusiano baina ya mambo hayo mawili, nami sitaki kuubuni. Lakini kwa sisi tunaofundisha Kiswahili chini ya mlima huu, yamekutana darasani, na ndiyo sababu ya makala haya.

Nianze na mlima. Hasira ya hapa ina tarehe. Mwaka 1921 serikali ya kikoloni iliwanyonga Nyamutswa, Tibamwenda na Kapolya, viongozi wa upinzani dhidi ya utawala wa Toro. Majina yao hayakuzikwa pamoja nao. Mukirania alipofariki mwaka 1966, mwanawe Charles Wesley Mumbere alirithi uongozi akiwa bado mtoto, akashuka mlimani mwaka 1982 baada ya mapatano na serikali. Mwaka 2009 serikali ikautambua ufalme. Kisha ikaja Novemba 2016, ambapo majeshi yalishambulia ikulu ya mfalme mjini Kasese na watu zaidi ya 100 wakauawa katika siku mbili. Mfalme alishtakiwa, mashtaka yakaondolewa Juni 2023, naye akarejea Kasese Oktoba mwaka huo. Juni hiyohiyo, usiku wa tarehe 16, waasi wa ADF walivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha huko Mpondwe, karibu na Bwera, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi.

Msomaji aliye mbali anaweza kuyapitia haya kama orodha. Huku hayasomwi, bali husimuliwa jioni, jina baada ya jina.

Na Kiswahili chenyewe hakikuingia hapa kikiwa na mikono safi. Ni kweli kwamba reli ilipofika Kasese mwaka 1956 na shaba ya Kilembe ikaanza kuchimbwa, wafanyakazi wa makabila mengi walielewana kwa Kiswahili. Ni kweli pia kwamba sokoni Mpondwe, ng'ambo ya mpaka ikiwa Kasindi, Kiswahili cha Kongo ndicho kinachouza samaki na vitenge. Lakini kwa Waganda wengi wa rika langu, hasa waliokulia enzi za Amin, Kiswahili ni sauti ya askari kwenye kizuizi cha barabarani. Mwalimu anayeingia darasani Kasese akidhani anabeba lugha tu, anajidanganya. Amebeba na kizuizi.

Katika miaka ya 1950 Mukirania alianzisha chama cha kutafiti historia na maisha ya Wakonzo. Kabla ya hapo alikuwa amezunguka milimani na mwandishi Mwingereza Tom Stacey, wakidadisi mila na asili ya watu. Kazi ya namna hiyo ina thamani kubwa, nami naiheshimu. Hata hivyo historia iliyokusanywa iliamsha madai, na madai yakaamsha mapambano. Sisemi hilo kwa lawama. Aliyedhulumiwa anahitaji kujua alidhulumiwa lini na nani. Nasema tu kwamba historia, kwa kazi yake, haiwezi kumficha mtu jina. Hadithi ya kubuni inaweza.

Hapo ndipo naingia kwa *Adili na Nduguze*, kilichotoka mwaka 1952. Wengi wetu tulikisoma shuleni kwa ajili ya mtihani, tukakumbuka majina ya wahusika kwa kuwa ndiyo tabia zao, basi. Tukisome tena polepole. Adili, liwali wa Janibu, ana ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, waliomtupa baharini kwa wivu. Jini Huria anawageuza kuwa manyani, kisha anamwamuru Adili awachape kila usiku. Adili huwachapa akilia. Akimaliza huwabembeleza na kuwalisha. Usiku unaofuata hushika mjeledi tena. Siri inafichuka pale Ikibali, mjumbe wa Mfalme Rai, anapochungulia, na hatimaye ni Rai anayeingilia kati ili mchezo huo wa usiku ukome.

Nilikisoma kitabu hiki na walimu wanafunzi wa eneo letu, miaka michache baada ya 2016. Nilitarajia tujadili majina ya kiistiari, kama mtaala unavyotaka. Mwanafunzi mmoja kutoka Bwera akanyosha mkono. "Mwalimu, hapo anayechapwa ni nani? Mbona mwenye mjeledi ndiye halali?"

Sikuwa na jibu lililoandaliwa. Darasa zima likanyamaza, kisha likazungumza kuliko siku yoyote. Jambo lililonishangaza ni kwamba walizungumza kwa Kiswahili, kwa makosa mengi ya upatanisho wa kisarufi, na hakuna aliyetaja serikali, ikulu wala kabila. Walisema "nyani", "mjeledi", "Huria". Kila mtu alijua anasema nini, na hakuna aliyelazimika kumtazama jirani yake vibaya.

Tukumbuke kwamba kisa hiki hakikuanza kwa Shaaban. Asili yake ni Alfu Lela Ulela, ambamo ndugu ni mbwa wala si manyani. Kule ndugu wakishasamehewa wanamdhuru tena mwenzao, nao wanaishia kunyongwa. Shaaban aliupokea mjeledi na majini, akaukataa mti wa kunyongea. Kwake ndugu wanarudi kuwa watu na wanapatana. Wahakiki huuita mwisho huo mwepesi mno. Nami niliwahi kusema hivyo katika tasnifu yangu ya uzamili, kwa kujiamini kwingi. Siku hizi naona alichagua kwa makusudi, akijua fika mwisho ule mwingine.

Ulaya na Marekani sasa wana mkondo mzima wa fantasia tulivu. Travis Baldree katika *Legends & Lattes*, riwaya ya mwaka 2022, anamwonyesha jitu la kike la vita likiweka upanga chini na kufungua duka la kahawa. Wanafunzi wangu, ambao kahawa ni ada yao ya shule, walicheka sana nilipowasimulia. Mmoja akauliza kilo wananunua kwa bei gani huko.

Lazima niweke mpaka. Mzazi aliyempoteza mtoto Lhubiriha hahitaji hadithi ya manyani kutoka kwangu. Anahitaji haki, na hasira yake si ugonjwa wa kutibiwa na fasihi. Tena hadithi isiyotaja majina inaweza kumfaa mkosaji anayetaka kusahauliwa. Ninachokizungumzia ni kidogo zaidi: ile hasira inayochapa kila usiku ndani ya nyumba, baina ya ndugu waliojikuta pande mbili.

Yule mwanafunzi wa Bwera alikuwa na nyumba ya namna hiyo. Tangu 2016 familia yao na ya shangazi yake hazikula pamoja, kwa kuwa mmoja alisimama na ufalme na mwingine na serikali. Likizoni alikichukua kitabu, akamsomea bibi yake jioni, akikigeuza Lukonzo kadiri alivyoweza. Aliporudi nilimuuliza bibi alisema nini kuhusu msamaha.

"Hakusema kitu kuhusu msamaha, Mwalimu. Aliuliza wale manyani walilishwa chakula cha moto au kilichopoa. Nikamwambia kitabu hakisemi. Akasema ningemwita shangazi aje asikilize, huenda yeye anajua."

Shangazi alikuja jioni ya tatu. Aliketi karibu na mlango.