Ubadilishaji wa Mbao kwa Kemikali: Njia ya Kuongeza Uimara Bila Kutumia Sumu

Ubao ni malighafi inayofyonza na kutoa unyevu kadiri hali ya hewa inavyobadilika. Wakati wa masika huvimba, na wakati wa kiangazi husinyaa. Hali hiyo ndiyo husababisha milango kukwama, fremu za madirisha kupinda na rangi kupasuka. Unyevu huohuo hutoa nafasi kwa kuvu wanaoozesha mbao.

Chanzo chake kimo ndani ya ubao wenyewe. Kuta za seli zake zimejaa vikundi vya kikemikali viitwavyo haidroksili, ambavyo huvuta na kushika maji. Ubadilishaji wa mbao kwa kemikali hulenga vikundi hivyo.

Tofauti na utiaji dawa

Njia iliyozoeleka nchini Tanzania ni kusukuma dawa ndani ya mbao kwa shinikizo. Nguzo nyingi za mikaratusi zinazobeba nyaya za umeme hutiwa kreosoti au mchanganyiko wa shaba, kromu na aseniki. Dawa hizo hufanya kazi kwa sababu ni sumu kwa kuvu na wadudu. Kwa sababu hiyo, mabaki ya mbao zenye aseniki hayafai kabisa kuwa kuni, kwani moshi na majivu yake hubeba sumu hiyo hadi jikoni.

Ubadilishaji wa kikemikali hauweki sumu. Hubadilisha ubao ili usiendelee kushika maji mengi, na hivyo kuvu hukosa mazingira ya kustawi.

Asetilesheni inavyofanyika

Njia iliyoenea zaidi kibiashara huitwa asetilesheni. Mbao zilizokaushwa huingizwa katika mtungi wa shinikizo, hulowekwa katika anhidridi ya asetiki, kisha hupashwa joto. Kemikali hiyo huungana na haidroksili na kuweka mahali pake vikundi visivyovuta maji. Asidi ya asetiki, ambayo ndiyo asidi iliyomo katika siki, huzalishwa na kuondolewa. Uzito wa ubao mkavu huongezeka kwa takriban asilimia 20, na uvimbaji wake hupungua kwa kiasi kikubwa.

Wanasayansi wa Ulaya walichapisha matokeo ya awali ya asetilesheni ya mbao mwaka 1928. Uzalishaji mkubwa wa kibiashara ulianza mwaka 2007 mjini Arnhem, Uholanzi, kwa kutumia msindano aina ya radiata. Mwaka 2008, mji wa Sneek nchini humo ulipata daraja la barabara lililojengwa kwa mbao hizo, lenye uwezo wa kubeba magari ya tani 60.

Njia nyingine hutumia pombe ya furfurili, ambayo hutokana na mabaki ya mazao kama vile makapi ya miwa. Kimiminika hicho hugandia ndani ya kuta za seli na kuufanya ubao kuwa mgumu na mweusi zaidi. Njia hiyo hutumika kibiashara nchini Norway.

Mipaka yake

Mbao hizo ni ghali kuliko zilizotiwa dawa. Jua bado huchakaza uso wake, na asidi kidogo inayobaki baada ya asetilesheni hula misumari ya kawaida. Hivyo hupigiliwa misumari isiyoshika kutu. Aidha, si kila mti hupitisha kemikali kwa urahisi, na kila aina huhitaji kupimwa kwanza.

Umuhimu kwa misitu

Miti ya asili kama mninga na mvule hupendwa kwa sababu mbao zake hudumu, lakini huchukua miongo mingi kukomaa. Misindano ya mashambani, kama ile ya Sao Hill wilayani Mufindi, hukua haraka zaidi, ila mbao zake huoza mapema zisipohifadhiwa. Teknolojia inayoupa msindano uimara unaokaribia ule wa mvule hupunguza sababu ya kuukata mvule.